Chupa Zikiitika

Nyanya hazijui kusubiri. Wiki tatu mfululizo nazipitia bustanini asubuhi, nazibonyeza kwa kidole gumba, naziona ngumu na za kijani kana kwamba hazina habari nami. Kisha inafika Jumatano moja: mkubwa ana mtihani, wa kati anapiga chafya tangu jana, mwenzangu ametoka zamu ya usiku macho mekundu, na siku hiyohiyo zinaiva zote. Ukijiambia utazishughulikia Jumamosi, Jumamosi utakuta nusu zimepasuka na nzi wamekutangulia.

Kwa hiyo kwa wiki kama sita kila mwaka nyumba yetu hugeuka kiwanda kisicho na meneja. Makreti yanaingia chini ya meza. Kiti kimoja hakikaliwi kwa sababu kimebeba ndoo ya maharage mabichi. Sakafu inanata kiasi kwamba ndala inabaki nyuma wewe ukiendelea mbele. Mgeni akibisha hodi anapewa kisu kabla ya kupewa kiti, na wanaotujua vizuri wamekwisha kujifunza kupiga simu badala ya kuja.

Watu huniuliza, na mimi mwenyewe hujiuliza ifikapo saa sita usiku, kwa nini nisinunue nyanya za kopo nikalala. Sina jibu la kihesabu. Nikijumlisha gesi, vifuniko, maji ya limau na usingizi uliopotea, sithubutu kumwonyesha mtu mwenye akili timamu karatasi hiyo. Jibu langu ni fupi: zipo. Nimezipanda mwenyewe, nimezimwagilia kwa miezi, na sina moyo wa kukaa nikizitazama zikioza.

Mwaka wa kwanza nilidhani kilo 20 za nyanya ni kazi ya jioni moja. Kilo 20 zikimenywa, zikapondwa na kuchemshwa kidogo, zinajaza chupa kama 14 za lita moja. Ukitaka rojo zito, lile linaloshika kwenye mwiko, kreti hilohilo linakupa chupa sita au saba tu, kwa sababu kila lita inameza karibu kilo 3, na zilizobaki zimetokea dirishani zikiwa mvuke. Hilo ni kreti moja. Mwaka ule tulikuwa nayo manne.

Kumenya ndiyo kazi ya watoto, nayo ndiyo sehemu pekee wanayoigombania. Unachanja msalaba mdogo kwenye kitako cha nyanya, unaitumbukiza kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30, zikizidi sana 60, halafu unaihamishia kwenye beseni la maji baridi. Ngozi inajikunja pale ulipochanja. Ukiishika kwa vidole viwili na kubana kidogo, nyanya inachomoka uchi kabisa na ngozi inabaki mkononi kama soksi. Kitindamimba wetu ana miaka mitano na amegundua kuwa ukibana kwa nguvu nyanya inaruka. Kuna doa moja juu ya dari ambalo sijawahi kulifikia.

Mimi nakata na kuponda. Maji ya nyanya yanatiririka kutoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko, yanadondoka kwenye goti, na kila kidonda kidogo ulichokisahau mkononi kinajitambulisha. Hapo ndipo unapojua kwamba nyanya ina uchachu. Swali ni kiasi gani, na swali hilo ndilo lililotugombanisha mimi na mama.

Mama anakuja kukaa nasi kila msimu wa mavuno, na anakuja na utaratibu wake. Anapika nyanya mpaka zitokote vizuri, anazimimina kwenye chupa zikiwa moto, anafunga kwa nguvu, anaipindua kila chupa kichwa chini miguu juu, anafunika kwa taulo, basi. Hakuna kuchemsha tena. Mara ya kwanza aliponiona nazirudisha chupa zilizofungwa ndani ya sufuria kubwa la maji, alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai.

“Sasa hizo unazipika mara ngapi?”

“Nazichemsha zikiwa zimefungwa, mama.”

“Nimewalea saba kwa njia yangu, mwanangu. Nani kafa?”

Hakuna aliyekufa. Na hilo ndilo gumu la kujibu, maana mtu aliyefanya jambo miaka arobaini bila kudhurika huwezi kumwambia alikuwa anacheza kamari. Nilijaribu kwa njia ya hadithi. Nikamweleza kuhusu Nicolas Appert, Mfaransa mtengeneza peremende, ambaye mwaka 1810 alipata faranga 12,000 kutoka serikali ya Ufaransa kwa kutoa hadharani siri yake ya kuhifadhi chakula kwenye chupa. Appert hakujua kwa nini njia yake inafanya kazi. Elimu ya vijidudu ilikuwa bado; Louis Pasteur alikuja kuieleza miaka hamsini baadaye. Kwa maana hiyo yeye na mama walikuwa wa chuo kimoja, wanaojua kufanya bila kujua sababu. Lakini Appert alijaza chupa, akaziba kwa kizibo, ndipo akazichemsha. Alifunga kwanza, akachemsha baadaye. Hatua ileile ambayo mama anairuka ndiyo hatua iliyompatia mwenzake faranga zake.

Mama akanywa chai. “Huyo Appert aliwalea wangapi?”

Nikaacha.

Lakini nilikuwa nimesoma vya kutosha kujua ninachokiogopa, na nikiandika haya sitaki kukipitia juujuu. Udongoni kuna bakteria anayeitwa *Clostridium botulinum*. Akiwa peke yake hana shida. Tunamla kwenye mboga kila siku. Lakini hutengeneza mbegu ngumu zinazostahimili maji yanayochemka, na mbegu hizo zikijikuta mahali pasipo na hewa, penye unyevu, joto la kawaida la chumbani na uchachu mdogo, huota na kutoa sumu inayolegeza misuli mpaka ile ya kupumulia. Isome tena sentensi hiyo uone kama haielezi chupa ya maharage iliyofungwa vizuri na kuwekwa kabatini. Sumu yenyewe inaweza kuwepo chakula kisibadilike harufu wala rangi. Ndiyo maana nikikuta kifuniko kimevimba, chupa inavuja au inatoa povu ninapoifungua, sionji hata kwa ncha ya kijiko. Ninaitupa, na ninaitupa mahali ambapo hata mbwa hafiki.

Uchachu ndio ulinzi. Kipimo chake huitwa pH, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo chakula kinavyokuwa kichachu zaidi. Mpaka uko 4.6. Chini ya hapo mbegu hizo haziwezi kuota, na maji yanayochemka yanatosha kumaliza wadudu wengine. Mapichi ya nyama ya njano, plamu na tufaha yako salama upande wa chini, na achari ya siki iliyotengenezwa kwa vipimo imo humohumo. Nyanya imekaa juu ya mstari wenyewe. Moja iko huku, nyingine kule, na ikiiva kupita kiasi inasogea upande mbaya. Ndiyo sababu natia vijiko vikubwa viwili vya maji ya limau katika kila chupa ya lita moja, kimoja katika ya nusu lita, kabla ya kitu kingine chochote kuingia. Na natumia maji ya limau ya kiwandani, yale ya chupa, kwa sababu uchachu wake umepimwa. Malimau ya mtini hutofautiana kama watoto wa tumbo moja. Ukiona rojo limekuwa kali, tia sukari. Limau usipunguze.

Maharage mabichi, yale yanayoliwa na maganda yake, hayana uchachu wa kutosha kuyaokoa. Hayo yanahitaji sufuria kubwa la presha, lile lililotengenezwa kwa kazi hii, kwa sababu mvuke ukibanwa joto linapanda mpaka kama nyuzi 116, ambako maji ya kawaida hayafiki hata uyachemshe mchana kutwa. Unaacha mvuke utoke bure dakika 10 nzima ili hewa iishe, ndipo unaweka kizito cha presha ya ratili 10, na ukiwa juu ya mita 300 kutoka usawa wa bahari unaweka cha 15. Kisha dakika 20 kwa chupa za nusu lita, 25 kwa za lita. Sufuria dogo la presha la kupikia maharage ya chakula cha jioni halifai hapa. Linapata moto haraka na kupoa haraka, na dakika zilizoandikwa hazikupimwa kwa ajili yake.

Nimesema nyumba haina meneja, lakini kuna mlinzi wa saa, naye ni mwenzangu. Mimi nina mikono. Yeye ana subira. Nyanya zilizopondwa, kwenye chupa za lita, zinataka dakika 45 ndani ya maji yanayochemka, na kwa sababu maji huchemka kwa joto dogo zaidi kadiri unavyopanda, karibu nyuzi moja kwa kila mita 300, wanaoishi juu wanaongeza: 50, 55, hadi 60 wale walio juu ya mita 1,800 hivi. Saa inaanza kuhesabiwa pale maji yanapotokota upya baada ya chupa kuingia. Huwezi kuanza kuhesabu tangu ulipozitumbukiza, na hili ndilo kosa la kila mwenye haraka. Mwenzangu anakaa kwenye kigoda mbele ya jiko akitazama mapovu, na hakuna maneno yangu yanayomfanya aibonyeze saa kabla hajaridhika.

Muda ukitimia, tunazitoa chupa kwa koleo na kuzipanga juu ya taulo, zisigusane, zisipigwe na upepo. Kisha tunanyamaza. Baada ya dakika chache inakuja: *tik*. Kifuniko kimenyonywa chini. Hewa iliyobaki ndani imepoa na kusinyaa, na kile kinundu cha katikati ya bati kimeingia ndani. Watoto wanaita kuitika. Kitindamimba anaigonga meza na kusema, “Chupa!” na ikilia anashangilia, imeitika. Kisha unaanza ugomvi ambao hauna mwisho nyumbani kwetu, kama chupa zinaitika *labeka* au zinaitika *naam*. Kifunguamimba, ambaye ni msichana, anashikilia kuwa ni labeka, kwa sababu mlio ni mwembamba. Wa kati anasema chupa za lita ni naam na za nusu lita ni labeka. Wanaweza kubishana hivyo hadi usiku wa manane.

Sasa nirudi kwenye Jumatano ile.

Kreti la kwanza, chupa 14. Sufuria letu linachukua 7 kwa mkupuo. Saba za kwanza zilitoka vizuri kabla ya saa tano asubuhi, nikazipanga, nikajiona mwanamke wa maana. Saba za pili zikaingia. Mwenzangu alikuwa amelala, kwani zamu ya usiku haina huruma, kwa hiyo mlinzi wa saa nilikuwa mimi. Dakika ya 20 simu ikalia. Shuleni. Mtoto ana homa, amelala kwenye benchi, aje mtu amchukue.

Nilizima jiko. Sikufikiri hata, mkono wenyewe ulizima. Nikakimbia na kanga yenye madoa ya nyanya kiunoni.

Kwenda, kurudi, kumpa dawa, kumlaza, kumkandakanda, zikapita saa mbili na zaidi. Nilipoingia jikoni nikakuta maji yamekuwa ya uvuguvugu. Nikazitoa zile chupa, nikaziweka mezani. Moja baada ya nyingine: tik. Tik. Zikaitika zote saba. Kwa macho hungeweza kuzitofautisha na zile za asubuhi. Vifuniko vimezama, rangi ileile, hata zile mbegu zimeelea juu vilevile.

Nilikaa kwenye kigoda cha mwenzangu nikazitazama. Nikaanza kujipigia hesabu za kishetani. Dakika 20 za kuchemka. Na je, zile zilizokaa kwenye maji ya moto baada ya kuzima, haziongezi kitu? Limau limo. Mama angesema zimepikwa kupita kiasi. Mwanangu anaumwa, makreti matatu yananisubiri, na vifuniko vilivyobaki dukani ni vya kugombania, maana hivi bapa hutumika mara moja tu. Ukishakifungua, ile mipira yake imekwisha kazi. (Mmarekani John Landis Mason alipata hataza ya chupa yake ya kukazia kifuniko kwa kuzungusha mwaka 1858. Mpaka leo sijaelewa kwa nini mtu hajaleta kifuniko kisichoadimika wakati wa mavuno.)

Mwenzangu akaamka. Akasimama mlangoni, akaziona saba na saba.

“Hizi zilichemka dakika ngapi?”

“Nyingi.”

“Nyingi ngapi?”

Nikamwambia. Hakusema neno. Alichukua kijiko, akaweka ncha yake chini ya kifuniko cha kwanza, akakinyanyua. *Fyuuu*. Hewa ikaingia. Akafanya hivyo mara saba, polepole, na kila fyuuu ilinichoma kama kusikia noti inachanwa.

Ilinichukua siku kadhaa kukubali kilichonikera hasa. Hasira ya hasara ilikuwepo, ndiyo, lakini chini yake palikuwa na jambo jingine: nilikuwa nimeamini kuitika. Miaka yote ile tulikuwa tunashangilia mlio ule kana kwamba ndio cheti. Kumbe kifuniko kinajibu swali moja tu, hewa imetoka au haikutoka. Hakijui chochote kuhusu dakika. Chupa iliyochemka 45 na iliyochemka 20 zinaitika kwa sauti moja, na hata zile za mama zilizopinduliwa bila kuchemshwa kabisa zinaitika, tena kwa furaha. Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka kwa miaka arobaini.

Zile saba hatukuzitupa. Chupa ambayo haikutimiziwa muda unaweza kuirudia upya ndani ya saa 24, kwa kifuniko kipya na muda wote tangu mwanzo, au ukaiweka kwenye friji na kuila kwanza. Sisi vifuniko hatukuwa navyo. Tukamimina zote kwenye sufuria, tukazipika, mbili zikaingia kwenye friji na nyingine tukazigandisha kwenye mifuko. Tulikula supu ya nyanya siku nne. Mgonjwa wetu alipona siku ya pili na siku ya tatu akaomba kwa upole kama kuna chakula kingine.

Ule mfuko wa friza ndio ulionifungua macho. Siku nilipoishiwa kabisa nguvu nikachukua nyanya za kreti la tatu, nikaziosha, nikazitia kwenye friza nzima nzima, na ngozi zake na yote. Nilidhani nakwepa kazi. Wiki kadhaa baadaye nilipoziyeyusha, ngozi zilivuka zenyewe bila maji ya moto, na maji mengi yakachuruzika pembeni, kwa hiyo rojo likawa zito kwa nusu ya muda wa kawaida. Tukazisindika mwezi ambao hakuna mtihani wala mavuno, dirisha limefungwa kwa baridi, na jiko likawa linatupasha moto bure. Tangu hapo friza hushikwa na nyanya kwanza. Inajaa kufikia wiki ya pili, lakini wiki mbili si haba.

Na kuna sharti jipya mlangoni mwa jokofu, kwa mwandiko wa mwenzangu: asiwashe mtu sufuria la chupa kama hana saa mbili mbele yake na mtu wa pili ndani ya nyumba aliye macho. Haraka yote tunaitoa kwingine. Hatupigi deki. Tunakula mkate na mayai usiku tatu mfululizo. Nguo zinaanuliwa na kuvaliwa bila kupita kwenye kabati wala pasi. Zamani nilikuwa napanga vipande vya mapichi kwenye chupa kimoja kimoja, mgongo ukiangalia nje, vionekane kama picha. Siku hizi vinaingia kwa upawa na anayetaka picha akapige.

Jamu ndiyo inayoniadhibu zaidi, maana jamu haitaki uifanyie mambo makubwa. Nilipojaribu kupika maradufu ili nimalize siku moja, nilikoroga mpaka bega likafa ganzi na ikakataa kuganda. Sufuria likijaa mno maji hayakauki upesi, na huku moto wa muda mrefu unaivunja ile pektini inayotakiwa kugandisha. Inabidi kiasi kidogo, moto mkali, mpaka ifike nyuzi 104 au 105 ukiwa karibu na usawa wa bahari. Chupa kumi na moja za plamu mwaka ule ziliandikwa “sharubati ya kumiminia” na hakuna mgeni aliyejua.

Mambo mengine yalipita haraka. Chupa moja baridi iliyowekwa kwenye maji ya moto ikakatika kitako kizima, kikabaki chini ya sufuria kama sahani; sasa tunaziweka zikiwa na joto na tunatandika wavu chini. Vitunguu saumu kwenye achari viligeuka rangi ya bluu usiku, mama akaniamsha akidhani kuna mtu kavitia dawa. Ni siki tu inachokoza salfa iliyomo kwenye kitunguu, na havina madhara, tulivila. Mwenzangu alikata pilipili kilo 2 bila glavu kisha akajifikicha jicho. Hilo halihitaji maelezo.

Mama bado anakuja. Hajawahi kusema nilikuwa sahihi, wala sitegemei. Lakini msimu uliopita nilimkuta jikoni alfajiri, mwenyewe, chupa sita za nyanya ndani ya sufuria, taulo lake la kupindulia limekunjwa pembeni. Aliponiona akasema, “Usiniangalie hivyo, nilikuwa nasubiri chai ichemke.” Saa ya mwenzangu ilikuwa mezani, inahesabu. Zilikuwa zimebaki dakika 31.

Baada ya siku nzima tunavua zile pete za kukazia, tunaosha chupa, tunaandika. Zamani niliandika tu “nyanya” na tarehe. Sasa lebo zina dakika, kwa sheria ya mwenzangu, na watoto wameanza kuongeza ya kwao. Mwaka huu nilipokuwa namaliza chupa za mwaka jana nilikutana na “Nyanya, 45, mvua kubwa, umeme ulikatika.” Nyingine: “Nyanya, 45, Baba amesinzia ila saa haikusinzia.” Moja ina mchoro wa mtu mwenye jicho jekundu na pilipili. Nimezibandua, ziko ndani ya daftari la mapishi.

Mkupuo wa mwisho wa mwaka huu tuliutoa jana saa nne usiku. Saba. Watoto walikataa kulala mpaka chupa ziitike zote, wakajipanga sakafuni kwenye ule mnato, videvu juu ya magoti. Ya kwanza ikalia, ya pili, halafu mbili kwa pamoja. Ikafika sita. Ya saba ikakaa kimya. Kitindamimba aliiita kwa jina, akaibembeleza, akaigombeza kama anavyogombezwa yeye. Nikawaambia kuna zinazochelewa, na kama hadi kesho itakuwa bado haijaitika, itaingia kwenye friji tutaila kwanza, si msiba. Wakaenda kulala kwa kunung'unika.

Tukazima taa. Mwenzangu alishaanza kukoroma, mimi nasikiliza bomba linavyodondosha, nahesabu kesho nani anakwenda wapi. Ndipo ikasikika kutoka jikoni, nyembamba, moja tu: tik.

Kimya. Kisha kutoka chumba cha watoto, sauti ya wa kati, amejifunika shuka hadi puani bila shaka:

“Naam!”

Mwenzangu akageuka upande wa pili bila kufumbua macho. “Hiyo,” akasema, “ilikuwa labeka.”